Asiyeandikwa kwenye Rejista: Utangulizi wa Uchumi na Sera za Afya

Watu wachache huingia taaluma ya uchumi na sera za afya wakiwa wameikusudia tangu shule. Wapo waliosomea udaktari, wakatibu miaka kadhaa, kisha wakachoka kuona ugonjwa uleule ukirudi kwa sababu ileile: mgonjwa alichelewa kwa kuwa nyumbani hapakuwa na fedha. Wapo waliosomea uchumi wakazoea hesabu za kahawa na saruji, hadi wizara ilipowauliza uzazi mmoja salama unagharimu kiasi gani, nao wakagundua kwamba hawajui hata waanzie wapi. Na wapo wauguzi waliojaza rejista kila siku na kila mwisho wa mwezi wakapeleka takwimu wilayani, wakijiuliza nani anazisoma. Kwa hao wote nauandika utangulizi huu. Swali lenu ni moja, ingawa mmelifikia kwa njia tofauti: nani alipe, alipe lini, na malipo hayo yatawafanya watu watende nini?

Mifano yangu mingi nitaichota kusini-magharibi mwa Rwanda, katika vilima vya uliokuwa Mkoa wa Cyangugu, ambako leo iko Wilaya ya Rusizi. Ndani ya wilaya hiyo kuna sekta iitwayo Butare. Msomaji asiichanganye na mji wa Butare, unaoitwa sasa Huye, ulio ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, ambako Chuo Kikuu cha Taifa kilianzishwa mwaka 1963. Mji huo nao tutaufikia, kwani mikoa miwili ya zamani, Cyangugu na Butare, ndiyo iliyolipatia somo letu baadhi ya majaribio yake muhimu zaidi barani Afrika. Nimechagua huku kwa makusudi. Wanafunzi wetu husoma uchumi wa afya kwa mifano ya Uingereza na Marekani, wakamaliza masomo wasijue kwamba hoja zilizotikisa mijadala ya Geneva na Washington zilipimwa kwenye vituo vya afya vya huku kwetu.

Mfikirie mama mjamzito wa mlimani, katika Butare hii ya Rusizi. Kituo cha afya kiko mbali kwa miguu, na hospitali za wilaya, Gihundwe na Mibilizi, ziko mbali zaidi. Kabla ya kutoka nyumbani ana mengi ya kupima: siku ya kazi atakayoipoteza shambani, mtu wa kubaki na watoto, nauli ya pikipiki ikiwa mvua imeharibu njia, kisha fedha atakayodaiwa dirishani. Kila kimoja kati ya hivyo kina bei, hata kama hakina risiti. Mama huyo akifika kituoni, muuguzi humwandika. Asipofika, hakuna anayemwandika. Rejista itaonyesha mwezi wenye wagonjwa wachache, na anayesoma kwa haraka atadhani watu wana afya njema.

Kama kuna jambo moja ningependa ulishike kabla ya kugeuza kurasa zinazofuata, ni hili. Mtaalamu wa sera za afya hulipwa kwa ajili ya watu wasiomo kwenye rejista. Waliomo tayari wana muuguzi. Wasiomo hutafutwa kwa hesabu, kwa hojaji za kaya, kwa kulinganisha wilaya na wilaya, na wakati mwingine kwa kutembea.

Somo lenyewe lina umri mdogo. Wengi hulianzia mwaka 1963, Mmarekani Kenneth Arrow alipochapisha makala ndefu kuhusu soko la matibabu. Arrow aliona kwamba matibabu hayauzwi kama mahindi. Anayenunua mahindi anajua ataishiwa lini na anajua mahindi mazuri yakoje. Mgonjwa hajui ataugua lini, na akishaugua hajui anachohitaji. Anamtegemea yuleyule anayemuuzia amweleze anunue nini. Kutokana na hali hizo mbili, yaani kutojua lini na kutojua nini, imezaliwa karibu kila mada ya uwanja huu: bima, leseni za madaktari, dawa za serikali, malipo ya watumishi. Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Sera nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilimuuliza mgonjwa uji, tena zikamuuliza bei yake.

Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka ulioshauri nchi maskini zianze kuwatoza wagonjwa ada katika vituo vya serikali. Mwaka huohuo, mjini Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana juu ya mpango wa jamii kuchangia gharama za dawa. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Hazina zilikuwa tupu, makabati ya dawa yalikuwa matupu, na ilionekana afadhali mtu alipe kidogo apate dawa kuliko aingie bure akatoke na karatasi. Kenya ilianza kutoza mwezi Desemba 1989. Mchumi Germano Mwabu na wenzake walifuatilia mahudhurio katika wilaya ya Kakamega, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 1995 ningetaka kila mwanafunzi wangu ayajue kwa moyo: ada zilipoanza, mahudhurio katika vituo vya serikali yalishuka kwa takriban nusu. Serikali ikazisimamisha kwa miezi kama 20, na katika miezi saba ya mwanzo baada ya kusimamishwa, mahudhurio ya vituo vya afya yakapanda kwa asilimia 41.

Nusu iliyopotea ilikwenda wapi? Sehemu yake ilikwenda kwa watoa huduma binafsi, maana ada ziliposimamishwa wengine walionekana kurudi kutoka huko. Waliobaki nyumbani hawakuandikwa popote. Ukiwa mhasibu wa kituo, mwaka ule ungeuona kuwa mzuri: fedha zimeingia, foleni imepungua. Ukiwa mchumi wa afya, hapo ndipo kazi yako inapoanza.

Rwanda iliipitia njia hiyo ikiwa na jeraha lisilolinganishwa. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliua na kutawanya watumishi wa afya, yakabomoa vituo, na yakavunja jambo ambalo wachumi huandika kwa uchache na wagonjwa hulihisi kwa wingi, yaani imani ya mtu kwa jirani yake. Kwa muda huduma zilitolewa bure kwa misaada. Mwaka 1996 ada zikarudishwa. Kufikia mwaka 1999 matumizi ya huduma yalikuwa yameporomoka hadi wastani wa robo ya hudhurio kwa mtu kwa mwaka: kwa lugha ya kawaida, mtu mmoja alionwa na mhudumu mara moja katika miaka minne. Katika nchi ya malaria, wastani huo hauwezi kusomwa kama dalili ya afya.

Hapo ndipo ilipoingia mituweli, yaani bima ya afya ya jamii. Ni kosa kudhani kwamba wazo hilo lilishushwa na wataalamu kutoka ndegeni. Katika vilima vya Rwanda, kama vile vya Kigezi ng'ambo ya mpaka wa Uganda, watu walikuwa na vikundi vya ingobyi, yaani machela: wanaume wa mtaa walijifunga kumbeba mgonjwa wa jirani hadi hospitalini, leo wako kesho wangu, na asiyebeba alitozwa. Vilikuwepo pia vikundi vya kuweka na kukopeshana vinavyoitwa ibimina, ndugu wa upatu wa pwani. Wataalamu walifanya kazi nyingine, nayo ilikuwa kubwa: waliupa ukarimu huo hesabu, mkataba na rejista.

Majaribio yalianza mwezi Julai 1999 katika wilaya tatu za afya: Byumba, Kabgayi na Kabutare, hii ya mwisho ikiwa pale pale kwenye Butare ya chuo kikuu. Familia yenye watu hadi saba ililipa faranga 2,500 kwa mwaka, na kila mgonjwa alipokwenda kituoni aliongeza faranga 100 kwa ugonjwa mmoja. Mwaka ulipokwisha kulikuwa na mituweli 54 zenye wanachama zaidi ya 88,000. Watafiti Pia Schneider na François Diop, waliofuatilia jaribio hilo, walionyesha kwamba wanachama walitumia huduma kwa wingi zaidi ya majirani zao wasiojiunga. Schneider baadaye aliandika utafiti mzima kuhusu imani, akiwasikiliza Wanyarwanda wakieleza kwa nini mtu akubali kumkabidhi mwingine fedha leo kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda usije. Nausisitiza utafiti huo kwa sababu wanafunzi hupenda kuanza na milinganyo. Bima, kabla ya kuwa mlinganyo, ni ahadi, na katika nchi iliyotoka kwenye 1994 kumfanya jirani aamini ahadi ya jirani ilikuwa kazi nzito kuliko kukokotoa mchango.

Tuikague hiyo faranga 2,500, maana ndani yake kuna mafunzo ya muhula mzima. Kwa nini familia, na si mtu mmoja mmoja? Kwa sababu ukimruhusu kila mtu ajiamulie, baba atamwandikisha mtoto mwenye pumu na bibi anayeumwa miguu, awaache wazima, na mfuko utakuwa wa wagonjwa watupu hadi ufe. Kuiandikisha familia nzima kunachanganya wazima na wagonjwa. Lakini kipimo hicho kina upande wake. Familia ya watu saba ililipa takriban faranga 357 kwa kila kichwa; mjane anayeishi peke yake alilipa 2,500 zote. Mwaka 2006 kipimo kikabadilika: kila mtu faranga 1,000, na nyingine 1,000 ikiongezwa kutoka serikalini na kwa wafadhili. Mjane akapata nafuu. Familia ya watu saba ikajikuta inadaiwa 7,000. Uamuzi ambao kwenye waraka wa wizara ni mstari mmoja huhamisha mzigo kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, na mtaalamu asiyeweza kueleza nani amebebeshwa hajamaliza kazi yake.

Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2007 ilifanya bima kuwa ya lazima. Mwaka 2011 michango ikapangwa kwa madaraja ya ubudehe, yaani ya uwezo wa kaya, ambayo wanakijiji wenyewe walishiriki kuyapanga: faranga 2,000 kwa walio maskini zaidi, ambao walilipiwa, 3,000 kwa walio kati, na 7,000 kwa wenye nacho. Mwaka 2015 mituweli ikahamishiwa kwenye Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda. Uanachama, uliokuwa chini ya asilimia 7 mwaka 2003, ulifikia asilimia 90 hivi kufikia 2010. Hakuna nchi jirani iliyofika huko kwa kasi hiyo. Tanzania ilianza mapema, kwa Mfuko wa Afya ya Jamii uliojaribiwa Igunga mwaka 1996, lakini uanachama ukabaki wa hiari na mdogo, hadi Bunge lilipopitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Maoni yangu ni kwamba tofauti kubwa haikuwa ubunifu wa mpango. Ilikuwa ulazima, pamoja na fedha za umma za kuwalipia wasio nacho. Bima ya hiari kwa maskini ni jambo ambalo tumelijaribu vya kutosha Afrika Mashariki.

Sasa twende Cyangugu penyewe.

Mituweli ilijibu swali la anayepokea huduma. Likabaki swali la anayeitoa. Muuguzi wa kijijini alikuwa na mshahara mdogo, na mashirika ya misaada yalizoea kumwongezea posho isiyobadilika: aje asije, ahudumie kumi au mia, posho ni ileile. Kati ya miaka 2002 na 2003 mashirika mawili ya Kiholanzi, HealthNet International katika Butare na Cordaid katika Cyangugu, pamoja na viongozi wa afya wa mikoa hiyo, yaligeuza utaratibu huo. Kituo kikawa kinalipwa kwa kila huduma iliyofanyika: uzazi mmoja kituoni, kiasi fulani, mtoto mmoja aliyechanjwa, kiasi fulani. Fedha ziliingia kituoni, na kituo kiliamua kiasi gani kigawiwe watumishi na kiasi gani kiende kwenye dawa au ukarabati. Kwa Kiswahili mpango huu umezoeleka kuitwa malipo kwa ufanisi.

Wazo lilikuwa limesafiri. Robert Soeters, daktari wa Kiholanzi aliyeandika kuhusu Cyangugu pamoja na Christian Habineza na Peter Bob Peerenboom mwaka 2006, alikuwa ameshaandika kuhusu mikataba ya huduma za serikali huko Kambodia. Bruno Meessen, wakati huo mchumi wa Taasisi ya Tiba za Tropiki ya Antwerp, naye alipitia Kambodia kabla ya kuandika, pamoja na Laurent Musango na wengine, kuhusu vituo vya Kabutare. Nalitaja hilo ili uone taaluma hii inavyotembea: somo lililopatikana kwenye mashamba ya mpunga ya Asia likaja kujaribiwa kwenye vilima vya Rwanda, kisha likavuka Ziwa Kivu na Mto Rusizi kuingia Kivu Kusini na Burundi. Burundi iliufanya mpango huo kuwa wa nchi nzima mwaka 2010, ikauunganisha na huduma za bure kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano.

Ukilipa kwa idadi, utaletewa idadi. Hilo waanzilishi wa mpango walilijua tangu mwanzo, ndiyo maana sehemu iliyofikiriwa sana haikuwa malipo, ilikuwa uhakiki. Anayelipa akatenganishwa na anayetoa huduma, na anayehakiki akatenganishwa na wote wawili. Vikundi vya wananchi vilichukua majina kutoka kwenye rejista na kwenda kuyatafuta vijijini: je, mtu huyu yupo? Je, kweli alikwenda kituoni siku hiyo? Aliridhika? Wagonjwa hewa hawana mlango wa kubisha. Mwanafunzi anayetaka kuelewa utawala bora ausome utaratibu huo kwa makini, hadi fomu zake.

Lakini je, mpango ulifanya kazi kwa sababu ya masharti, au kwa sababu tu vituo vilipata fedha zaidi? Hili ni swali ambalo daktari mzuri anaweza kupita karibu nalo bila kuliona, na mchumi mzuri hawezi kulala bila kulijibu. Rwanda ilipokuwa ikiueneza mpango nchi nzima kuanzia 2006, wizara ilikubali jambo ambalo serikali chache hulikubali: baadhi ya maeneo yasubiri, ili tofauti ipimwe. Vituo 166 vilihusishwa. Vituo 80 vililipwa kwa ufanisi. Vituo 86 vilivyosubiri viliongezewa bajeti kwa kiwango cha wastani sawa na kile walichopata wenzao, ila bila sharti lolote. Fedha zikawa sawa, na kilichotofautiana kikabaki kimoja tu: namna ya kulipa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2011, mwandishi wa kwanza akiwa Mnyarwanda, Paulin Basinga, pamoja na Paul Gertler, Agnes Binagwaho, Agnes Soucat, Jennifer Sturdy na Christel Vermeersch.

Uzazi katika vituo uliongezeka kwa asilimia 23. Ziara za kinga za watoto wa chini ya miaka miwili ziliongezeka kwa asilimia 56, na za watoto wa miaka miwili hadi mitano kwa asilimia 132. Hayo ndiyo yaliyonukuliwa kila mahali. Mimi huwaomba wanafunzi wasome mstari unaofuata: hapakuwa na ongezeko la wajawazito waliokamilisha ziara nne za kliniki, wala la watoto waliomaliza chanjo zote.

Kwa nini? Tazama orodha ya bei. Uzazi mmoja kituoni ulilipiwa dola 4.59. Mjamzito aliyekamilisha ziara nne alilipiwa dola 0.37. Jibu la kwanza, basi, ni rahisi: kituo kilifuata fedha ziliko. Jibu la pili ni zito zaidi, na ndilo ninalolipenda. Mama aliyeshikwa na uchungu anajulikana na kijiji kizima. Mhudumu anaweza kumshawishi, kumfuata, kumpokea vizuri usiku. Ziara nne zinahitaji mama aje mapema, mimba ikiwa bado changa, wakati ambapo huenda amemwambia mumewe tu, au hajamwambia mtu. Muuguzi aliyeko kituoni hana la kumfanyia mwanamke ambaye mimba yake hajaambiwa. Malipo yalimsukuma mtumishi kwa nguvu zote, na yakaishia pale mkono wa mtumishi unapoishia. Ng'ambo ya hapo yuko mtu yuleyule asiyeandikwa.

Takwimu za nchi zimeendelea kusema hivyo kwa miaka mingi. Katika utafiti wa kitaifa wa kaya wa mwaka 2005, asilimia 28 ya watoto walizaliwa kwenye vituo na asilimia 13 ya wajawazito walikamilisha ziara nne. Katika ule wa 2019/20, waliozaliwa vituoni ni asilimia 93, na waliokamilisha ziara nne ni asilimia 47. Zote zimepanda, na vifo vya wajawazito vimeshuka kutoka 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2000 hadi 203 katika utafiti huo. Ni mafanikio ambayo yapaswa kusemwa kwa sauti. Hata hivyo pengo kati ya 93 na 47 lilikuwa bado halijaziba. Katika kipindi hicho pia mituweli ilienea, mameya wa wilaya walianza kusaini imihigo, yaani mikataba ya utendaji, na wahudumu wa afya wa jamii wakafika zaidi ya 45,000, watatu kwa kila kijiji. Anayesema jambo moja tu ndilo lililoleta nafuu, iwe bima, malipo au uongozi, muulize amelinganisha na nini.

Jaribio lililofuata lilinifurahisha kwa namna ya pekee. Gil Shapira na wenzake, wakiwemo Wanyarwanda Jeanine Condo na James Humuza, walipima njia mbili: kuvilipa vyama vya ushirika vya wahudumu wa afya wa jamii kwa ufanisi, na kuwapa zawadi ndogo za vitu akina mama wenyewe wanaokuja kwa wakati. Malipo ya ushirika hayakubadilisha kitu. Zawadi kwa akina mama ziliongeza walioanza kliniki mapema na waliorudi baada ya kujifungua. Mtu ambaye malipo ya mtumishi hayakumfikia alifikiwa aliposemeshwa moja kwa moja, kwa lugha ya siku yake na mzigo wake.

Usidhani kwamba ubishi umekwisha. Mwaka 2018 Elisabeth Paul na wenzake, baadhi yao Waafrika waliofanya kazi ndani ya mipango hii, waliandika kwamba malipo kwa ufanisi yamepewa nafasi kubwa kupita ushahidi wake: uhakiki unakula fedha nyingi, wafadhili wanashurutisha, na watumishi wanafundishwa kutazama orodha badala ya mgonjwa. Watetezi walijibu kwa ukali. Mimi nakubaliana na wakosoaji kuhusu gharama za uhakiki, na sikubaliani nao kuhusu posho za zamani, ambazo sioni mtu akizililia. Soma pande zote mbili kabla ya kuchagua.

Maisha ya kazi katika uwanja huu yanaonekanaje? Watazame wawili niliokwisha kuwataja. Laurent Musango ni daktari. Aliandika tasnifu yake ya udaktari wa falsafa katika Université Libre de Bruxelles kuhusu mituweli za Rwanda, akaongoza Shule ya Afya ya Umma nchini, kisha akaingia Shirika la Afya Duniani, ambako aliwahi kuwa mwakilishi wake Mauritius. Paulin Basinga, daktari pia, alisomea Chuo Kikuu cha Tulane huko Marekani, akafundisha katika Shule hiyohiyo ya Afya ya Umma, kisha akajiunga na Bill & Melinda Gates Foundation na kuiongoza ofisi yake ya Nigeria. Njia inayoonekana hapo ni ya kwenda na kurudi kati ya kituo, darasa, wizara na shirika la kimataifa. Anayekaa wizarani tu husahau kuuliza. Anayekaa chuoni tu husahau kwamba bajeti hufungwa mwezi Juni, iwe utafiti umekamilika au la.

Milango ya kuingilia siku hizi iko karibu. Shule ya Afya ya Umma ya Chuo Kikuu cha Rwanda iko Kigali. Makerere, Nairobi na Muhimbili wana shahada za uzamili za afya ya umma. Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani kiko Butaro, kaskazini mwa Rwanda. Na tangu 2009 wachumi wa afya wa bara hili wana chama chao, AfHEA, kilichofanya mkutano wake wa kwanza Accra. Kama umetoka kwenye udaktari, jifunze takwimu hadi zisikutishe. Kama umetoka kwenye uchumi, keti kituoni mwezi mzima, uone dawa zinavyoagizwa, zinavyochelewa, na nani anarudishwa dirishani kwa upole. Hesabu hutaisahau, lakini bila kituo hutajua unachokihesabu.

Nakuachia tatizo ambalo kitabu hiki hakitalimaliza. Kila siku watu huvuka mto kati ya Bukavu, upande wa Kongo, na Kamembe, upande wa Rwanda, kuuza samaki, nyanya na vitambaa, na kule Bugarama mipaka mitatu, ya Rwanda, Burundi na Kongo, inakaribiana. Sokoni wanazungumza Kiswahili wote. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na bidhaa zinaandaliwa sheria za pamoja. Mfanyabiashara mjamzito wa Bukavu akishikwa na uchungu Kamembe, hana mituweli. Mkulima wa Rusizi akiugua Bukavu, mituweli yake haijulikani huko. Ili kumpendekezea waziri utaratibu wa mifuko kulipana, utahitaji kujua ni wangapi, wanaugua nini, gharama ya uzazi ni kiasi gani kila upande, nani atahakiki, na faranga ya Rwanda ibadilishwe kwa kiwango gani na faranga ya Kongo siku ya malipo. Rejista za upande mmoja humwandika mgonjwa huyo kama mgeni na za upande wa pili hazimwandiki kabisa. Sura ya kwanza inaanza na namna ya kuhesabu gharama ya huduma moja; chukua uzazi wa kawaida katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, uanze na huo.